UZI: Mnalinda nywila, wezi wanabeba kikao. Kivinjari cha kazini ndio mlango mliousahau

Mlinzi wa Seva (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa wenye biashara na wale wanaowashikia mambo ya IT. Nitashusha kwa vipande. Mwenye swali aliweke katikati, asingoje mwisho.

Makampuni mengi yanatumia fedha kulinda kompyuta na mtandao wa ofisi wakati kazi yenyewe imeshahama. Uhasibu uko ndani ya kivinjari (Chrome, Edge, Firefox na wenzao). Barua pepe, benki, mishahara, mikataba, orodha ya wateja, vyote vimefunguliwa kwenye vichupo vya dirisha moja, jirani na kichupo cha matokeo ya mpira. Halafu ukiuliza nani kazini anasimamia hicho kivinjari, watu wanatazamana. Kila mfanyakazi kajisakinishia chake, kapachika viendelezi (vijiprogramu vya kuongezea kivinjari) anavyovitaka, kaingia na akaunti yake binafsi, na toleo analotumia hata yeye halijui.

Tuanze na mashine yenyewe, maana usipoielewa hiyo, yanayofuata yatakuwa kama mazingaombwe.

Kivinjari kinapokea msimbo (maagizo ya programu) kutoka kwa watu usiowajua na kuuendesha kwenye kompyuta yako hapo hapo, bila kukuomba ruhusa. Programu nyingine ya kawaida ikifanya hivyo tunaiita hasidi. Kinachotuponya ni kuta mbili.

Ukuta wa kwanza ni kanuni ya asili moja, iliyokuja na kivinjari cha Netscape katikati ya miaka ya 1990, wakati uleule JavaScript, lugha ya msimbo wa kurasa, ilipoingia. Asili ni vitu vitatu kwa pamoja: itifaki (http au https), kikoa (jina la tovuti) na namba ya mlango. Kurasa zikitofautiana kwa kimojawapo, msimbo wa ukurasa mmoja hauwezi kusoma yaliyomo kwenye mwingine. Ndiyo maana tovuti ya vichekesho haiwezi kuchungulia salio lako la benki hata kama vyote viwili viko wazi kwa wakati mmoja.

Ukuta wa pili ni sandiboksi. Chrome ilipotoka Septemba 2008 ilikuja na muundo wa kugawa kazi kwenye michakato mingi, kila mmoja ukiendeshwa peke yake. Mchakato unaochora ukurasa umenyang'anywa karibu kila ruhusa: haufungui mafaili wala haugusi programu nyingine. Ukihitaji kitu unamwomba mchakato mkuu, naye ndiye anayeamua. Kwa hiyo mdukuzi akipata dosari kwenye sehemu ya kuchora ukurasa, bado yumo kizuizini. Anahitaji dosari ya pili ili atoke.

Januari 2018 ikatangazwa Spectre, kasoro iliyomo kwenye prosesa zenyewe. Ilionyesha kuwa msimbo unaweza kukisia na kusoma kumbukumbu ya mchakato uliomo. Maana yake tovuti mbili zikilala kwenye mchakato mmoja, ukuta wa kwanza unavuja. Mwaka huohuo, kwenye toleo la 67, Chrome ya kompyuta ikaanza kutenga kila tovuti kwenye mchakato wake. Firefox nayo ikafikia hapo mwaka 2021. Wale mnaolalamika kuwa Chrome inameza RAM, sehemu ya hiyo RAM ndiyo ukuta wenyewe.

Kipande cha pili kinakuja.

Bingwa wa Bure

Mkuu, kama kuta ziko imara hivyo, mbona watu wanalizwa kila siku? Mimi sina mambo mengi, naangalia kufuli pale juu. Likiwepo nasonga mbele.

Mlinzi wa Seva

Bingwa, hilo kufuli limewaponza wengi.

Kufuli lilikuwa linasema jambo moja tu: mazungumzo kati yako na tovuti hiyo yamesimbwa, mtu wa katikati hayasomi. Halikuwahi kusema mwenye tovuti ni mwaminifu. Tangu shirika la Let's Encrypt lianze kutoa vyeti vya usimbaji bure mwaka 2015, mtu yeyote mwenye kikoa anapata cheti kwa dakika chache, na tapeli ana kikoa. Google wenyewe waliiondoa picha ya kufuli kwenye Chrome 117, Septemba 2023, wakaweka alama ya vidhibiti, kwa sababu watu walikuwa wanaitafsiri kama muhuri wa uaminifu. Siku hizi tovuti isiyosimbwa ndiyo inayopigiwa kelele. Chrome ilianza kuandika "si salama" kwenye kila ukurasa wa HTTP, yaani usiosimbwa, Julai 2018.

Kwa nini watu wanalizwa? Kuta zinazuia tovuti kumwibia jirani yake. Hazimzuii uliyemfungulia mwenyewe: kiendelezi ulichokipa ruhusa, programu hasidi uliyoiendesha nje ya kivinjari, au skripti ya mtu mwingine uliyoibandika kwenye tovuti yako. Huko ndiko tunakoelekea.

Mlinzi wa Seva

KIPANDE CHA PILI: KIKAO

HTTP, lugha ambayo kivinjari na seva huzungumza, haina kumbukumbu. Kila ombi linalofika kwenye seva ni geni kabisa. Ili kutatua hilo, Lou Montulli wa Netscape alibuni vidakuzi mwaka 1994, na mpaka leo ndivyo vinavyotubeba. Ukishaingia kwenye mfumo, seva inakupa kidakuzi chenye mfuatano mrefu wa herufi zisizokisika. Kuanzia hapo kivinjari kinaonyesha hicho tu, na kipindi hicho cha kuwa ndani ndicho kikao. Ni kama mkanda wanaokufunga mkononi mlangoni mwa ukumbi: tiketi wameshaichana, na anayekuvua mkanda akauvaa yeye haulizwi tiketi tena.

Sasa fikiria uthibitishaji wa hatua mbili. Umeandika nywila, umeingiza namba iliyotumwa kwenye simu, umepita. Yote hayo yametokea kabla ya kidakuzi. Mwizi akibeba kidakuzi, nywila yako ndefu na namba ya simu hazina kazi. Anaingia akiwa wewe.

Na kuna programu hasidi ambazo kazi yake ni hiyo tu. Zinaingia kwenye kompyuta, zinakwenda moja kwa moja kwenye folda ya kivinjari, zinabeba vidakuzi na nywila zilizohifadhiwa, zinatuma, basi. Nyingine hazikai hata dakika mbili. Mzigo unauzwa. Mwaka 2021 wadukuzi wa kampuni ya michezo ya Electronic Arts waliwaambia wanahabari kwamba walianza kwa kununua vidakuzi kwa dola 10, wakaingia kwenye Slack, mfumo wa mazungumzo wa kampuni, kisha wakamrubuni mtu wa IT awape njia ya kuingia ndani. Walitoka na msimbo wa FIFA 21. Soko la Genesis, lililouza mizigo ya aina hii, lilifungwa na polisi wa nchi kadhaa Aprili 2023, kwenye operesheni waliyoiita Cookie Monster. Soko moja limekufa, biashara haijafa.

CircleCI, kampuni ambayo watengeneza programu wengi waliikabidhi siri zao, ililizwa hivyohivyo. Desemba 2022 laptopu ya mhandisi mmoja iliambukizwa, kikao chake kilichokwisha kupita hatua mbili kikaibwa, na Januari 2023 kampuni ikawaambia wateja wote wabadilishe siri zao zote. Hakuna aliyevunja nywila hapo.

Ufanyeje? Kwanza vikao vya mifumo nyeti viwe na umri mfupi. Mfumo wa mishahara hauna sababu ya kukukumbuka kwa mwezi mzima. Pili, jambo zito kama kubadili akaunti ya benki ya mlipwaji au kuongeza msimamizi liombe uthibitisho upya hata kama mtu yumo ndani tayari. Mfumo mnaoununua usipoweza haya mawili, mwulizeni muuzaji kabla ya kusaini.

Watengeneza vivinjari nao wamestuka. Chrome 127 ya Julai 2024 ilianza kusimba vidakuzi kwenye Windows kwa namna ambayo programu nyingine ya kompyuta hiyohiyo isiweze kuvifungua kirahisi. Kuna pia mpango ambao Google waliutangaza Aprili 2024 wa kukifunga kikao kwenye kifaa chenyewe kwa ufunguo usiotoka kwenye chipu, ili kidakuzi kikihamishiwa kompyuta nyingine kiwe karatasi tupu. Huo ndio ninaoutazama kwa hamu kuliko yote, maana unapiga kwenye mzizi.

Mama Leja

Asante kaka kwa somo. Sisi ni ofisi ndogo, sina mtu wa IT. Mhasibu wangu anaacha mfumo wazi kuanzia asubuhi hadi jioni, akiondoka anafunga kichupo. Halafu vijana wote wamehifadhi nywila kwenye kivinjari. Hili la pili ni kosa au ni sawa tu?

Mlinzi wa Seva

Dada, tuanze na kichupo. Kukifunga hakumalizi kikao. Kidakuzi kinabaki kwenye kompyuta na seva bado inakitambua. Abonyeze kitufe cha kutoka kwenye mfumo, hapo ndipo seva inakifuta. Mfumo mbaya haukifuti hata hapo, ila hilo ni la mtengenezaji.

Kuhifadhi nywila kwenye kivinjari si kosa kwa jinsi watu wanavyolihubiri. Kidhibiti cha nywila kina faida moja ambayo akili ya mtu haina: kinaangalia kikoa herufi kwa herufi. Ukipelekwa kwenye tovuti ya hadaa inayofanana na benki yako kwa kila kitu, wewe utadanganyika, chenyewe kitakataa kujaza. Mtu mwenye nywila moja anayoikumbuka kichwani na kuitumia kila mahali yuko hatarini zaidi.

Hatari iko kwenye swali hili: nywila zinahifadhiwa kwenye akaunti ya nani? Chukua kisa cha Okta, Oktoba 2023. Hii ni kampuni ambayo biashara yake ni kulinda njia za kuingia za makampuni mengine. Mfanyakazi aliingia na akaunti yake binafsi ya Google kwenye Chrome ya laptopu ya kazi. Nywila ya akaunti ya mfumo wa huduma kwa wateja ikahifadhiwa kwenye akaunti hiyo binafsi. Okta walisema njia inayoelekea zaidi ni kwamba akaunti binafsi au kifaa chake binafsi kilidukuliwa. Wadukuzi wakaingia kwenye mfumo wa huduma, wakachukua mafaili ya wateja 134. Baadhi ya mafaili hayo ni rekodi za kivinjari ambazo wateja waliambatanisha walipokuwa wanaeleza matatizo yao, na ndani yake mlikuwa na vidakuzi vya vikao vilivyo hai.

Rudieni hiyo aya. Kwa maelezo hayo, kompyuta ya kazi haikuguswa. Usawazishaji wa kivinjari, ule wa kunakili nywila kwenye akaunti yako na vifaa vyako vyote, ndio uliotoa nywila nje ya jengo.

Kwa ofisi yako fanya hivi: kila mtu awe na wasifu (profile) wa kazi kwenye kivinjari, umeingiwa kwa akaunti ya kazi, na mambo binafsi yakae kwenye wasifu mwingine au kwenye simu yake. Kwenye akaunti muhimu wekeni funguo za siri, zile za kufungua kwa alama ya kidole au kifaa cha USB. Teknolojia yake ya WebAuthn imekuwa kiwango rasmi cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, tangu Machi 2019, na ufunguo umefungwa kwenye kikoa halisi, kwa hiyo tovuti feki haupati hata mtumiaji akitaka kuutoa. Julai 2022 wafanyakazi watatu wa Cloudflare, kampuni ya huduma za mtandao, waliandika nywila zao kwenye ukurasa wa hadaa. Wezi hawakuingia, kwa sababu kampuni ilikuwa inadai ufunguo wa kifaa. Kampuni ya Twilio, walioshambuliwa kipindi hichohicho kwa mtindo uleule, waliingiliwa.

Ila ufunguo wa siri unalinda mlango wa kuingilia. Kidakuzi kikiibwa baada ya hapo, tunarudi kwenye kipande cha pili.

Mlinzi wa Seva

KIPANDE CHA TATU: VIENDELEZI

Kiendelezi chenye ruhusa ya "kusoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote" kimevuka ukuta wa kwanza kwa baraka zako. Kinaona salio, kinasoma barua, kinaweza kubadilisha namba ya akaunti unayoiona kwenye skrini. Watu wanaweka cha kukagua tahajia, cha kupiga picha ya skrini, cha kutafuta kuponi, na kila kimoja kinapewa funguo za nyumba nzima.

Msinielewe vibaya, simsemi mtengenezaji tapeli peke yake. Hata mwaminifu anaweza kuporwa. Mkesha wa Krismasi 2024 mfanyakazi wa Cyberhaven, kampuni ya usalama, alipata barua iliyojifanya imetoka kwenye duka la viendelezi la Chrome, ikisema kiendelezi chao kitaondolewa. Alibonyeza, akapelekwa kwenye ukurasa halisi wa Google wa kutoa idhini, akaikubalia programu ya wezi. Hakuna nywila iliyoibwa, hatua mbili hazikuulizwa. Wezi wakapandisha toleo lao, na vivinjari vya watumiaji vikalisasisha vyenyewe kama vinavyotakiwa. Kiendelezi hicho kilikuwa na watumiaji kama 400,000. Baadaye ikaonekana viendelezi vingine vingi vilikuwa vimepigwa kwa mtindo huohuo.

Dawa ni sera. Chrome, Edge na Firefox vyote vina sera za usimamizi bila malipo ya ziada. Unazuia viendelezi vyote, kisha unaruhusu vichache kwa majina. Wafanyakazi watanung'unika wiki ya kwanza. Waache wanung'unike, kisha waombe wanavyovihitaji. Utashangaa orodha itakavyokuwa fupi.

Kodi Safi

Mkuu, mimi niko upande wa pili, natengeneza mifumo ya wavuti kwa makampuni. Umemkomalia sana mtumiaji. Sisi tufanye nini? Mfano mimi kwenye mfumo wangu mtumiaji wa kawaida havioni kabisa vitufe vya msimamizi, na fomu zote nazikagua kwa JavaScript kabla hazijatumwa.

Mlinzi wa Seva

Kodi Safi, nisamehe nikiwa mkali, ila mfumo huo uko wazi.

Kivinjari ni mali ya mtumiaji. Kila kitu unachokituma huko anaweza kukisoma, kukibadilisha na kukirudisha anavyotaka. Kitufe ulichoficha ni anwani tu kwenye seva, na mtu anaweza kuiita bila kugusa ukurasa wako. Ukaguzi wa JavaScript ni wa kumsaidia mtu mwema aliyekosea kuandika. Wa usalama unafanyika kwenye seva, kila ombi, kila mara: huyu ni nani, na je, anaruhusiwa kugusa rekodi HII?

Swali la pili ndilo linalosahaulika. First American, kampuni kubwa ya bima ya hati za nyumba Marekani, iligundulika Mei 2019 kuwa imeacha wazi nyaraka takriban milioni 885. Udukuzi wenyewe ulikuwa kubadilisha namba kwenye anwani ya ukurasa. Ukiwa na kiungo cha waraka wako, unaongeza moja, unapata wa mtu mwingine. Udhaifu wa namna hii ndio OWASP, jumuiya ya usalama wa mifumo ya wavuti, waliuweka namba moja kwenye orodha yao ya mwaka 2021, ukitokea nafasi ya tano. Ni wa kipuuzi, ni rahisi kuurekebisha, na bado umejaa kila mahali, kwa sababu vifaa vya kukagua msimbo kiotomatiki haviwezi kujua waraka ni wa nani.

Sindano za SQL, yaani mtu kupenyeza amri za hifadhidata kupitia fomu, sitazirefusha. Tumia vigezo, usiunganishe maandishi ya mtumiaji na hoja ya hifadhidata. Kasoro hiyo ya tangu enzi ndiyo iliyofungua MOVEit, programu ya kuhamisha mafaili, mwaka 2023 na kumwaga data za maelfu ya mashirika, kwa hiyo asikudanganye mtu kuwa imepitwa na wakati.

Kwenye vidakuzi vyako vya kikao weka HttpOnly ili JavaScript isivisome, Secure ili visipite bila kusimbwa, na SameSite ili tovuti nyingine isivisukume kwa niaba ya mtumiaji. Mistari mitatu ya usanidi. Na usihifadhi tokeni (kitambulisho) ya kikao kwenye localStorage, ghala la data la kivinjari, maana kila skripti (kipande cha msimbo) ya ukurasa inaisoma.

Hilo neno "kila skripti" ndilo nataka tukae nalo.

Fungua ukurasa wa malipo wa kampuni yoyote uone skripti ngapi zinapakiwa: ya takwimu, ya matangazo, ya dirisha la mazungumzo, ya ramani. Zote zinaendeshwa ndani ya asili yako. Kanuni ya asili moja haijali skripti ilitoka wapi, inajali imepakiwa na ukurasa wa nani. Ukiibandika, imekuwa ya kwako na ina haki zote za msimbo wako.

British Airways waliligundua hilo mwaka 2018. Wadukuzi waliingia kwa kutumia akaunti ya mfanyakazi wa mkandarasi, wakafika kwenye tovuti, wakaongeza mistari 22 kwenye faili la Modernizr, maktaba ya JavaScript iliyotumiwa na tovuti hiyo. Mteja akibonyeza kulipa, jina, namba ya kadi na namba ya siri ya nyuma vinanakiliwa kwenda baways.com. Malipo yanakamilika kama kawaida, tiketi inafika. Hakuna aliyelalamika kwa siku kumi na tano. Bingwa wa Bure, kikoa hicho cha wezi kilikuwa na cheti halali cha usimbaji, tena cha kununua. Zaidi ya watu 400,000 waliathirika. Oktoba 2020 ICO, mamlaka ya data ya Uingereza, iliwatoza faini ya pauni milioni 20, baada ya kutangaza mwaka uliotangulia kusudio la kutoza zaidi ya milioni 183.

Halafu Juni 2024 ikaja ya polyfill.io. Hii ilikuwa huduma ya bure iliyosaidia vivinjari vya zamani, na tovuti zaidi ya 100,000 zilikuwa zinaivuta moja kwa moja. Kikoa kikauzwa mapema mwaka huo, na mmiliki mpya akaanza kuchomeka msimbo uliowapeleka watumiaji wa simu kwenye tovuti za kamari. Mwanzilishi wa mradi alikuwa ameshawaambia watu mwezi Februari waiondoe. Wengi hawakujua hata kama wanayo. Mtu aliibandika miaka iliyopita, akaacha kazi, skripti ikabaki.

Kwa hiyo: orodhesheni skripti za nje, ondoeni zisizo na mwenyewe. Zinazobaki, zile zisizobadilika zikae kwenye seva yenu. Ukilazimika kuivuta nje, weka alama ya uadilifu (integrity) kwenye lebo yake ili kivinjari kiikatae ikibadilishwa. Wekeni sera ya CSP inayotaja skripti zitoke wapi na data iende wapi, baways.com ingegonga mwamba hapo, mradi wezi wasingeweza kuibadili sera yenyewe. Anayepokea kadi hana hiari tena: kiwango cha usalama wa kadi za malipo, PCI DSS toleo la 4, kinadai tangu 31 Machi 2025 kila skripti ya ukurasa wa malipo iwe imeidhinishwa, na mabadiliko yake yagundulike.

Kodi Safi

Nimekusoma mkuu. Nimefungua ukurasa wa malipo wa mteja wangu mmoja, kuna skripti mbili hata sijui nani aliweka. CSP nikiiweka si itavunja tovuti nzima?

Mlinzi wa Seva

Ukiiwasha kwa pupa, itavunja. Anza na hali ya kuripoti tu. Kivinjari hakizuii chochote, kinakutumia taarifa ya kila ambacho kingezuiwa. Iache mpaka taarifa zikae sawa, kisha uzuie kweli. Na usiweke 'unsafe-inline', ruhusa ya skripti yoyote iliyoandikwa ndani ya ukurasa, ili kuondoa kelele, hapo umebomoa ulichojenga.

Bingwa wa Bure

Haya, kufuli nimeacha. Je, sasisho? Kile kitufe cha "zindua upya" mimi nina vichupo sitini, nikizindua napoteza kazi.

Mlinzi wa Seva

Vichupo vinarudi, Bingwa. Tangu Agosti 2023 Chrome inatoa marekebisho ya usalama kila wiki. Sababu ni kwamba msimbo wa Chromium, mradi ambao Chrome imejengwa juu yake, uko wazi: rekebisho likiingia humo, mdukuzi makini analisoma na kujua dosari ilikuwa wapi, kisha anamtafuta ambaye bado hajasasisha. Ambaye hajazindua upya ndiye wewe. Sasisho limeshapakuliwa, ila toleo bovu ndilo linaloendelea kufanya kazi.

Dosari zenyewe hazitaisha karibuni. Wahandisi wa Chromium walieleza mwaka 2020 kwamba karibu asilimia 70 ya dosari zao nzito zinatokana na usimamizi wa kumbukumbu kwenye lugha ya C++. Kwa ofisi kuna sera inayompa mtumiaji muda fulani, ukipita kivinjari kinajizindua chenyewe. Iwasheni.

Mwenye mfumo wa kale unaotaka Internet Explorer, hiyo ilistaafishwa 15 Juni 2022. Edge ina hali ya IE ambayo Microsoft wameahidi kuidumisha angalau hadi 2029. Iruhusu kwa anwani ya mfumo huo tu.

Mama Leja

Kuna jamaa kaja kuniuzia "kivinjari cha makampuni", anasema kinazuia kunakili, kupiga picha ya skrini, kila kitu. Ninunue?

Mlinzi wa Seva

Si sasa hivi, dada. Vipo vizuri, na vinafaa sana kwa kampuni yenye wakandarasi wanaotumia kompyuta zao wenyewe. Kwa ofisi yako, sera za bure za Chrome au Edge, wasifu wa kazi, na funguo za siri zitakufikisha mbali. Ukishamaliza hayo na bado kuna pengo unaloweza kulitaja kwa jina, mwite jamaa arudi.

Mjumbe Mpya

Samahani kuchelewa. Leo mfanyakazi wetu alikuta ukurasa unasema "thibitisha kuwa wewe si roboti", ukamwambia abonyeze Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Akafanya. Kidirisha cheusi kikatokea na kupotea. Kompyuta iko sawa tu. Kuna shida?

Mlinzi wa Seva

Ndugu, shida ipo, na ni ya sasa hivi. Mtindo huo unaitwa ClickFix, umesambaa tangu 2024. Ukurasa uliweka amri kwenye ubao wa kunakili, yeye akaibandika nje ya kivinjari na kuiendesha kwa mkono wake. Sandiboksi haikuhusika. Mara nyingi kinachoshushwa ni zile programu za kubeba vidakuzi.

Fuata mpangilio huu. Ikateni kompyuta hiyo kwenye mtandao. Nendeni kwenye kifaa KINGINE, mwingie kwenye akaunti zake na kuondoa vikao vyote: barua pepe kwanza, kisha benki, kisha mfumo wa uhasibu. Ndipo mbadilishe nywila. Kwenye mifumo mingi kubadili nywila peke yake hakuui kikao kilicho wazi, mwizi anabaki ndani. Angalieni kanuni mpya za kupeleka barua mbele, programu zilizopewa idhini na vifaa vipya vya uthibitisho. Wezi hupenda kuacha mlango wa nyuma hapo. Kompyuta isafishwe kwa kusakinisha Windows upya.

Msiibadilishe nywila hata moja mkiwa kwenye kompyuta hiyo.

Mjumbe Mpya

Tumeikata. Kwenye barua pepe tumeona kikao cha kifaa tusichokijua, tumekiondoa. Kuna kanuni ya kupeleka barua zenye neno "ankara" kwenye anwani ngeni.

Mlinzi wa Seva

Ifute, ila piga picha yake kwanza. Kisha wapigieni simu wateja wenye ankara ambazo hazijalipwa, kwa namba mlizonazo tangu zamani, muwaambie wasibadilishe akaunti ya malipo kwa barua yoyote itakayofika. Benki nayo ipigiwe leo. Ukimaliza rudi hapa utuambie akaunti ya uhasibu imeonyesha nini.